Siku Niliyopanda Behewa la Makapera na Mke Wangu Yupo

Haya jamani, sogeeni karibu. Wewe uliyesimama hapo mlangoni, nakuomba, kaa. Geuza hata hiyo ndoo uikalie. Mimi siku hizi mtu akisimama mbele yangu magoti yangu ndiyo yanalia, utadhani ni yangu yamembeba. Nimesimama maisha yangu yote, na nusu ya maisha ya jirani yangu nimemsimamia pia. Kwa hiyo mkiniona nasimulia nimejinyoosha hivi, mgongo ukutani, miguu juu ya gunia, msiseme ni uvivu. Ni haki yangu.

Leo nawaambia ile mara moja niliyokaa kitako sawasawa na mtu wangu nikiwa Saudia. Miaka yote ile, mara moja tu. Na hata hiyo nusura inipite, na aliyetaka kuiharibu si kafili, yule mwajiri anayeshika kibali chako, si polisi. Ni miguu yangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa stesheni ya treni Riyadh, katikati ya mji, pale ukitembea kidogo unaangukia soko la Batha. Lakini stesheni yenyewe haiko juu. Iko chini. Jamani, chini! Wale watu walichimba mpaka nadhani walisikia upande wa pili wa dunia watu wakisonga ugali. Ngazi zake zinatembea zenyewe, na urefu wake, kijana akizikanyaga kule juu hajaanza kunyoa, akifika chini ana ndevu za kuitwa babu. Sakafu inang'aa mpaka unaona tundu la soksi yako kabla hujavua kiatu. Na baridi! Huko juu jua linakaanga watu bila mafuta, huku chini mimi nilikuwa navaa fulana mbili, na bado nikipiga chafya inatoka barafu. Kubwa pia. Voi yote ingeingia, na ndovu wake, na bado mtu angeuliza mbona pako wazi hivi.

Treni yenyewe haina dereva. Hilo liliniuma, na nitawaambia kwa nini.

Mimi nilianzia Jeddah, Balad, mji wa zamani, zile nyumba za mawe ya matumbawe zimeinamiana kama wanawake wanaosengenya. Nilikuwa nabeba marobota ya vitambaa kwenye vichochoro. Robota moja lilikuwa zito mpaka nikiliweka chini mtaa mzima unashuka kidogo. Baadaye nikapata kafili mwingine, nikahamia Riyadh, mtaa wa Suwaidi, kuwa dereva wa madam mmoja. Kazi nzuri! Kazi ya kukaa! Nilimpeleka shuleni, sokoni, kwa dada yake, nikamrudisha. Kisha serikali yao ikasema wanawake waendeshe. Madam akaniambia, "Nifundishe." Nikamfundisha. Nilimfundisha vizuri mno, mimi mjinga, mpaka siku moja akanyoosha mkono akasema, "Lete funguo, baba. Halas, imetosha." Akaondoka na gari akipiga honi kuliko mimi. Nikabaki getini na mkeka wa gari ambao alikuwa amesahau kuurudisha ndani.

Basi nikaingia kampuni ya ulinzi, kampuni ikanipeleka stesheni. Sasa fikirieni. Gari limepata dereva wake, nakimbilia kwenye treni, nayo haitaki dereva kabisa. Nikasema dunia hii imekaa mkutano ikaamua: huyu wa Voi asikae tena kwenye kiti.

Na kweli sikukaa. Kazi ilikuwa ni kusimama pale treni inaposimama, na kunyoosha mkono. Behewa la huku ni la aila, yaani familia: wanawake, watoto, na mwanamume aliye na mke wake kando. Behewa la kule ni la makapera. Sasa, kapera wa kule si kapera wa kwetu. Huku kwetu kapera ni kijana hajaoa. Kule, mwanamume yeyote asiye na mwanamke kando yake ni kapera, hata kama ana wake wawili kijijini na wajukuu wanaojaza darasa. Mimi nina watoto wanne, na miaka yote hiyo nilikuwa kapera. Kwenye bustani, ikiwa siku ya aila, kapera rudi. Kwenye hoteli za kula, zamani milango ilikuwa miwili, kapera pita wa kule nyuma karibu na mapipa. Ile ya hoteli waliiacha miaka hiyo hiyo walipofungua sinema na kuwapa wanawake usukani, watu wakawa wanakula mlango mmoja. Lakini kwenye treni mabehewa yalibaki, na mimi ndiye nilikuwa mlango.

"Aila huku! Makapera kule! Yalla, yalla, aila huku!" Kutwa. Kwa Kiarabu, lakini maana ndiyo hiyo. Nililisema hilo neno mpaka ulimi ukawa unalisema wenyewe mimi nikiwa nimesinzia kwa macho wazi. Wenzangu chumbani waliniambia nalisema hata nikiota. Mmoja alisema siku moja aliamka kwenda chooni, nikamnyooshea mkono nikiwa usingizini nikamwambia, "Makapera kule." Naye akaenda kule.

Sasa mke wangu. Wacha niwachekeshe kidogo, maana mimi mwenyewe nililia. Nilipokuwa Jeddah, yeye alikuwa Voi. Nilipohamia Riyadh, yeye akapata kazi ya nyumbani, wapi? Jeddah. Tulipishana kama watu wawili wanaotafutana kuzunguka nyumba moja. Nchi moja, ikama moja, yaani kibali kile kile cha kuishi, lakini kati ya Jeddah na Riyadh kuna jangwa ambalo hata Mungu akilivuka nadhani anapumzika katikati. Yeye hakuwa na siku ya kutoka, mimi siku yangu ya kupumzika ilikuwa inakuja kama mvua ya Voi. Kwa hiyo tulikuwa tunatumiana ujumbe wa sauti. Mimi namwambia, "Mama watoto, umelalaje, nimekukumbuka, na yule mdogo nasikia... Aila huku! Makapera kule! ...nasikia amefaulu mtihani." Ananijibu anacheka, "Baba watoto, na mimi nije huku au niende kule?" Ukawa mchezo wetu. Miaka, jamani, miaka, mapenzi yetu yote yalikuwa yamechanganyika na tangazo la treni.

Kisha mkataba wake ukaisha. Akasema hasaini tena, amechoka, anarudi kwa watoto. Mimi nilikuwa nimebakisha muda bado. Akamwomba madam wake amkatie tiketi ya ndege ya kuondokea Riyadh. Madam akashangaa. "Uwanja wa ndege uko hapa hapa Jeddah, wewe unataka kupanda basi usiku kucha ukapande ndege Riyadh?" Akamjibu, "Madam, nina bwana kule. Nataka nimuone kama bado ana miguu."

Akanitumia ujumbe. Ninaukumbuka neno kwa neno, na sauti yake ilikuwa imechoka mpaka ilikuwa inaburuta. "Baba watoto, usininunulie kitu. Usinipeleke mahali. Nataka tupande hiyo treni yako mpaka uwanja wa ndege, tukae kiti kimoja, nikulalie begani. Basi. Nimesimama jikoni kwa watu mpaka nimesahau kukaa na mtu wangu kukoje."

Mnaelewa? Mtu anavuka jangwa zima kwa ajili ya bega. Na bega lenyewe ni hili, liangalieni, limebeba marobota, si bega la kifahari.

Nikaenda kwa mudiri, msimamizi wetu. Nikamwambia mke wangu anapita. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe una mke?" Nikasema ninaye. Akasema, "Mimi nilidhani wewe ni kapera." Akanipa ruhusa nitoke mchana.

Siku hiyo asubuhi nilisimama kama kawaida, lakini nilikuwa nimechoka kuliko kawaida maana usiku sikulala, nilikuwa napanga maneno. Nilipanga mengi. Nitamwambia kuhusu paa la nyumba, kuhusu yule mkubwa wetu ambaye ameanza kunyoa kiduku, kuhusu madam wa Suwaidi aliyeniacha na mkeka. Mchana nikamwona anashuka kwenye ngazi. Mwanzo nikaona viatu, kisha sanduku limefungwa kamba na utepe wa gundi pande zote kama mgonjwa wa ajali, kisha yeye. Ngazi ni ndefu, nimeshawaambia. Alikuwa anashuka pole pole na mimi niko chini nimesimama, hatuna la kufanya ila kuangaliana, na kila mmoja anaona jinsi mwenzake alivyozeeka, kipande kwa kipande.

Akafika. Ingekuwa Voi ningemkumbatia mpaka kuku wakimbie. Pale, watu wamejaa, na mimi nimevaa koti langu la kung'aa la kazini, sikuwa nimepata nafasi ya kubadilisha. Tukashikana mikono kama watu waliokutana kwenye matanga ya mtu wasiyemjua vizuri.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umenona."

"Sijanona. Nimevimba miguu, basi lilikuwa halina pa kunyoosha." Akaangalia huku na huku. "Ndiyo hapa unaposimamaga?"

"Ndiyo hapa."

Akaangalia ile sakafu pale pangu, nadhani alikuwa anatafuta shimo. Hata mimi nilikuwa nashangaa kwamba halipo.

Treni ikaja. Milango ikafunguka. Na ilikuwa saa ile watu wanatoka makazini, umati unamwagika kama mchele uliopasukiwa na gunia. Mama mmoja na watoto wake akanijia, "Aila wapi?" Mkono wangu ukainuka. Ukainuka wenyewe, naapa, mimi nilikuwa bado naangalia uso wa mke wangu. "Aila huku! Yalla!" Nikampitisha yule mama, nikapitisha watoto, nikachukua sanduku la mke wangu nikaliingiza, nikamshika mke wangu kiwiko nikamwingiza, vizuri kabisa, kwa adabu. Kisha mdomo ukasema, "Makapera kule." Na miguu, ikasikia amri, ikageuka. Ikanipeleka kule.

Milango ikafungwa.

Nikakaa! Kulikuwa na kiti kimoja, nikakaa, nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeivuta nikiwa bado Balad. Nikafunga macho. Nikasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, ya mahaba, "Sasa mama watoto, hebu lala hapa." Nikapiga bega langu hivi, pa pa.

Hakuna mtu aliyelala. Nikafungua jicho moja. Pembeni yangu kuna Mpakistani mkubwa ana ndoo ya rangi mapajani, ananiangalia, anaangalia bega, ananiangalia. Akasogea kidogo upande wa pili.

Jamani, niliruka. Nilikimbilia mwisho wa behewa, kwenye kioo. Upande wa pili ndio aila. Nikamwona. Amekaa dirishani, sanduku katikati ya magoti, na kiti cha pembeni yake ameweka mkoba. Mama mmoja akataka kukaa pale, nikamwona mke wangu anatikisa kichwa, anaweka mkono juu ya mkoba. Hapana, kuna mtu. Akaangalia mlangoni. Akaangalia tena mlangoni. Mimi nagonga kioo, tok tok, lakini treni ina kelele zake na watoto wa yule mama wana zao. Anayenisikia ni Mpakistani peke yake, na yeye tayari ameshaamua mimi ni mtu wa namna gani.

Nikasema, haidhuru. Stesheni inayofuata nashuka mbio, naingia mlango wa aila, nakaa, namaliza. Treni ikasimama, nikatoka kama risasi. Pale mlango wa aila kuna mlinzi amesimama, Mganda mmoja, kijana mrefu, mkakamavu. Nikafurahi. Huyu ni mtu wangu! Mimi ndiye niliyemfundisha kazi wiki zake za kwanza.

"Mzee," akaninyooshea mkono, "makapera kule."

"Wewe, ni mimi! Mke wangu yuko ndani!"

Akacheka. "Mzee, umekuja kunipima?"

"Sikupimi! Yule pale, mwenye mkoba!"

"Mzee, wewe ndiye ulituambia. Mwanamume aliyechelewa treni, lazima atasema ana mke ndani. Ulisema tusiwaamini hata wakilia."

"Basi muulize mwenyewe!"

Tukageuka wote wawili kumwangalia. Alikuwa amelala. Kichwa kimeinama kwenye kiti kile cha pembeni, kile changu, shavu liko juu ya mkoba, mdomo wazi kidogo kama wa mtoto. Alichoka kunisubiri akaulalia mkoba.

Na mimi, mnisamehe, nilishindwa kupiga kelele. Ningepiga angeamka. Nilisimama tu pale, nikichunga hata sauti ya pumzi yangu. Mlango ukaanza kulia, ti ti ti, na Mganda akanisukuma kwa heshima kabisa, mkono mgongoni, mpaka behewa la makapera. "Kazi nzuri, kijana," nikamwambia. Alikuwa ameifanya vizuri kweli.

Yule Mpakistani alikuwa bado yuko. Kiti changu kilikuwa kimechukuliwa. Nikasimama.

Basi nikasafiri hivyo, nimebandika paji la uso kwenye kioo, namwangalia mke wangu analalia mkoba, stesheni zinapita. Zile habari zote nilizopanga usiku, paa, kiduku, mkeka, nikamwambia yeye kwa kioo, kimoyomoyo. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya naye tangu aje nchi ile.

Mahali pa kubadilisha treni nikashuka, nikagonga dirisha lake kwa nje. Akashtuka, akakamata sanduku, akatoka. Akanitazama. Mimi nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Nikabeba sanduku kichwani, kama robota, tukaanza kutembea ile korido ndefu, na hiyo korido, ukianza kuitembea una njaa ukifika una kiu ya mwaka mzima.

Mwishowe akasema, "Baba watoto. Kwani hukutaka kukaa na mimi?"

"Nilitaka!"

"Sasa?"

"Ni miguu. Imezoea."

"Miguu."

"Imekuwa kapera miaka mingi, mama watoto. Haijui kama umekuja."

Tukatembea. Kisha akasema, pole pole, "Kule Jeddah wanawake wenzangu walikuwa wananiambia nina bwana wa simu. Nikawaambia nyamazeni, mimi nina bwana mzima, yuko Riyadh." Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Nimekaa kwenye treni nikawaza, pengine wao ndio wanajua."

Hilo, jamani, lilikuwa zito kuliko sanduku.

Tukafika pale treni ya uwanja wa ndege inaposimama. Ndiyo ya mwisho hiyo. Ikifika, yeye anaingia kwenye ndege na mimi narudi chini kusimama. Akaniambia, "Vua hilo koti." Nikavua. Nikalikunja nikaliweka juu ya sanduku. Nikabaki na shati tu, mtu wa kawaida, mume wa mtu. Nikasema moyoni: miguu, nawaomba. Mara moja tu.

Treni ikaja. Watu na masanduku, watu na watoto, kelele, baridi. Milango ikafunguka. Na mzee mmoja Mbangladeshi, ana mfuko begani, kati ya watu wote wale, sijui aliona nini kwangu, pengine jinsi nilivyosimama, akanijia mimi moja kwa moja. "Ya akhi, makapera wapi?"

Mkono ukainuka.

Nauona unainuka. Naukataza. Umeinuka. "Kule," mdomo ukasema, na miguu ikageuka ikamfuata yule mzee, hatua moja, ya pili, na kwa ya tatu mguu nilikuwa nimeshauinua kuuweka ndani ya behewa la makapera, nikasikia nyuma yangu sauti imepasua stesheni nzima, mpaka mlinzi wa pale akasimama wima, mpaka yule Mbangladeshi akaangusha mfuko, sauti ya mke wangu, ile ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto:

"Wewe baba watoto! Aila huku!"